Kumwosha Kichwa Hamadi

Enzi zetu mtoto hakufungiwa mlango akaogeshwa kimyakimya. Aliogeshwa uani, jua likishapanda, na kila aliyekatiza nyuma ya nyumba alikuwa na neno lake. "Usimtie maji masikioni, weye!" "Kwapa umelisahau hilo." "Mwana huyo au sufuria? Mbona wamsugua hivyo?" Wala hakuna aliyeudhika. Uani kwetu, kijijini Wawi, hakukuwa na siri, na ngozi ya mtoto ilikuwa kazi ya kila mwenye macho.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka vyombo vyetu. Karai la bati lililobonyea upande, kata ya kifuu yenye mpini mrefu, jiwe bapa la kumkalishia mtoto, na mtungi wa maji ya mvua. Maji ya kisima yalikuwa ya kufulia na kupikia. Ya mtoto yalikuwa ya mvua, tuliyoyakinga kwa kufunga kuti kwenye shina la mnazi ili yateremke taratibu mpaka mtungini. Tuliyamimina kwenye karai asubuhi tukayaacha juani, na ikifika saa tano yalikuwa na uvuguvugu wake. Mama aliyapima kwa kiwiko. "Kiganja kimeshazoea moto wa jikoni, hicho husema uongo," alikuwa akiniambia. "Kiwiko hakisemi uongo."

Mtoto mwenyewe alikuwa Hamadi, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alizaliwa mimi nikiwa na miaka tisa, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Ngozi yake tangu siku ya kwanza ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Sisimizi akimpitia mguuni aliacha njia nyekundu. Nguo mpya ilimtoa vipele shingoni mpaka ifuliwe mara tatu. Watoto wengine walioshwa kwa sabuni yoyote iliyopatikana wakatoka wanang'aa, lakini Hamadi alitaka machicha ya nazi yaliyofungwa kwenye kitambaa laini, tui zito la kichwani, na mkono usio na haraka.

Alipofika miaka miwili mama alimwachisha ziwa akarudi shamba, maana mikarafuu mwaka ule ilikuwa imebeba sana. Kazi ya kumwogesha ikawa yangu. Nilikuwa msichana wa haya, wa kusema kwa kichwa kuliko kwa mdomo. Skuli mwalimu akiniuliza jambo nilikuwa nikitazama vidole vyangu vya miguu mpaka amuulize mwingine. Lakini kwa Hamadi sikuwa na haya. Mama alinisimamia siku tatu, siku ya nne akaniacha peke yangu.

Mwili kwanza, kichwa mwisho, asije akashikwa na baridi. Nilimpaka tui utosini nikamkanda kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Kisha niliweka kiganja cha kushoto kwenye paji la uso wake kama upenu wa nyumba, nikammiminia kata tatu za maji kutoka utosini kwenda nyuma, na hakuna tone lililofika machoni. Hamadi alifumba macho kwa nguvu hadi pua ikakunjamana. Baada ya kata ya kwanza aliuliza, "Yesha?" Namna yake ya kuuliza kama maji yamekwisha. Nikamwambia, "Yesha." Nikammiminia ya pili. "Yesha?" "Yesha." Nikammiminia ya tatu. Nilimdanganya kila siku, na kila siku aliniamini.

Akishakauka nilimpaka mafuta ya nazi aliyoyapika mama, nikamlaza chini ya upenu wa jiko palipo na upepo. Jamvi lake alilichagua mama mwenyewe. Lilikuwa moja ya majamvi ya kuanikia karafuu, limechakaa na kutoboka pembeni, lisilofaa tena kwa kazi hiyo, ila kwa kulalia mtoto lilikuwa zuri, laini kwa uzee. Baba alilikung'uta vumbi. Mama alilinusa akafurahi. "Hapa mbu hasogei, shetani hasogei," alisema. Hamadi alilala chali, mikono ameitandaza kama mtu aliyechoka kulima, na mafuta yanamng'aa. Mimi nikaenda zangu kucheza mdako na wenzangu.

Haukupita mwezi akaanza kujikuna.

Vilianza vipele vidogo kisogoni. Vikashuka mgongoni, vikashuka makalioni, vikawa vimeungana, ngozi ikawa ngumu yenye magamba, na akijikuna ilichubuka ikatoa maji. Mtoto aliyekuwa akilala chali kama sultani sasa analia akilazwa. Na hapo, wenzangu, kila mtu Wawi aligeuka mganga. Mmoja alisema ni jicho, kwa sababu Hamadi alikuwa mnene na watu hawakusema mashaallah. Mwingine alisema ni ziwa, ameachishwa mapema. Tulimwogesha kwa maji ya mwarobaini mpaka ua mzima ukanuka uchungu. Mama alimpeleka hospitali mjini Chake, akapewa dawa nyeupe ya maji ya kupaka, ikakauka, ikapukutika kama chokaa. Mwalimu wa chuoni akamsomea Kurani. Vipele vilipungua siku mbili, vikarudi.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na jambo moyoni. Wiki moja kabla ya vipele kuanza, siku moja kuku walikuwa wamekula machicha yote, na wenzangu walikuwa wakiniita kucheza. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche ya kufulia nikamwosha nacho Hamadi kichwa, haraka haraka, bila tui. Povu likamwingia machoni akapiga kelele. Nikamfuta, nikamlaza, nikakimbia. Sasa nilipokuwa nikikiangalia kisogo chake kilichochubuka nilijua ni mimi. Kila mtu aliyesema ni jicho nilitamani awe amesema kweli.

Habari zilivuka maji zikafika kisiwani Makoongwe, kwa shangazi Mkasi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, hakuwa na mtoto, na sauti yake ilitangulia kufika mlangoni kabla yake. Alikuja asubuhi moja na kapu la samaki wakavu. Kabla hajakaa alimvua Hamadi shati.

"Wifi! Mwana kawa hivi, na nyie mwanywa chai?"

"Tumefanya kila dawa, wifi yangu," mama akasema.

"Dawa! Nani anamwogesha?"

Wote wakanitazama. Nami nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Na aliyapata haya tangu lini?"

Mama akafikiri. Alikuwa mkweli, mama yangu, na siku ile ukweli wake uliniua. "Tangu aanze kuogeshwa na Riziki," akasema pole pole.

Shangazi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama kiganjani. "Si kosa lako, mwanangu," alisema. "Kuna mkono na mkono. Mkono wako na ngozi ya mwenzio havikubaliani, basi. Mimi nitakwenda naye Makoongwe. Nitamwogesha mwenyewe, nimlee mwenyewe. Akipona, tutajua."

"Utamrudisha lini?" mama akauliza.

"Mwana hurudishwa kwa nini, palipompa maradhi?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichonga mpini wa jembe. Dada yake ndiye aliyemlea, na neno lake halikupingwa nyumbani kwetu. Akasema tu, "Kaa siku mbili, upumzike." Tukajua limekwisha. Makoongwe si mbali, lakini kwetu sisi wa mashamba ya karafuu ilikuwa nchi nyingine. Mama alimkumbatia Hamadi kutwa nzima, hakwenda shamba. Nami nikawa sigusi kata wala karai. Shangazi alimwogesha mwenyewe siku ile, kwa mkono wake mzito, maji yakamwingia machoni, na Hamadi akawa analia akitazama nilipo, akiuliza, "Yesha? Yesha?" Hakuna aliyemjibu.

Siku ya pili watoto wa jirani walikuja uani kama kawaida yao. Walikuwa wameshampa Hamadi jina. Walipomwona anapita uchi, mgongo mgumu wenye magamba ya rangi ya kahawia, wakaanza: "Ukoko! Ukoko! Chini kaungua!" Mwenyewe alicheka akawakimbiza, hakujua kama anatukanwa. Niliokota kijiti kuwafukuza, nikarudi jikoni nimenuna. Mama alikuwa amepakua wali, akaniachia chungu nikwangue.

Nilikuwa nikikwangua huku machozi yananitoka, na nikiwa nakwangua nikautazama ukoko. Upande wa juu ni wali, mweupe, laini. Upande wa chini umeungua. Ukoko hushika upande uliogusa chungu, haushiki pengine. Nikaacha kukwangua. Nikamwita Hamadi, nikampakata, nikamgeuza. Mgongo magamba. Kisogo magamba. Makalio magamba, na nyuma ya mapaja. Nikamgeuza tena. Tumbo laini. Kifua laini. Uso laini, isipokuwa ukingo wa shavu moja, lile alilokuwa akilala nalo akichoka kulala chali.

Maji nilikuwa nikimmwagia mbele na nyuma. Machicha nilikuwa nikimsugua mbele na nyuma. Povu la sabuni ile ya mche lilimwagika usoni kuliko kisogoni, macho yake ni shahidi. Mkono wangu kama ungekuwa mbaya, ungekuwa mbaya kote.

Nilikwenda mpaka mlango wa chumba. Shangazi alikuwa amekaa kitandani akikunja vishati vya Hamadi kuvifunga kwenye kanga. Nikasimama.

"Wataka nini? Mbona umesimama kama mchi?"

Nikasema. Yeye hakusikia. Hata mimi sikujisikia.

"Sema, mwanangu. Sina masikio ya paka mie."

Basi nikaenda nikamchukua Hamadi, nikamlaza kifudifudi kwenye mapaja ya shangazi, nikaonyesha kwa kidole. "Huku." Nikamgeuza. "Na huku." Nikavuta pumzi. "Maji nammwagia kote, shangazi."

Shangazi alitazama. Akamgeuza mwenyewe, mara moja, mara mbili, kama anayechagua samaki sokoni. Hamadi akacheka, akidhani ni mchezo.

"Nani kakwambia haya?"

"Ukoko," nikasema.

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepata wazimu. Kisha akasema, "Mwana huyu analala wapi?"

Nilimpeleka chini ya upenu wa jiko. Alilichukua lile jamvi akalitandaza juani, akateka kata moja ya maji akalimwagia, akalikunja na kulikamua kwa mikono miwili. Maji yakatoka rangi ya chai nzito. Harufu ikajaa ua mzima, kali, ya kuingia puani. Sisi hatukuisikia. Sisi tulizaliwa ndani ya harufu ile, tukala ndani yake, tukafua ndani yake. Shangazi alikuwa mtu wa samaki na chumvi, akapiga chafya tatu mfululizo.

"Wifi!" aliita. "Njoo uone alilolalia mwanao!"

Mama akaja, na baba nyuma yake.

"Karafuu?" mama akasema. "Karafuu idhuru mwana?"

"Jino likiuma twalitia karafuu," baba akasema. "Aliyejifungua twampa karafuu. Karafuu ndiyo iliyomnunulia huyu kanzu ya Idi, leo imchubue?"

"Ya jinoni ni chembe moja," shangazi akajibu. "Hapa kuna misimu mingapi? Mwana mwenyewe ngozi yake ganda la kitunguu, mwamtia maji, mwampaka mafuta, kisha mwamlaza juu yake. Mwamkaanga!"

Baba alitazama lile jamvi kwa muda mrefu, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu yake. Lakini hakuna aliyekuwa na hakika, hata shangazi. Akatoa hukumu yake palepale uani. "Nitakaa siku saba. Mwana atalala kwenye kanga safi, na huyu dada yake atamwogesha kama zamani, mbele ya macho yangu. Akipona, namwacha. Asipopona, naondoka naye, na asinililie mtu."

Sijawahi kuogesha mtoto kwa hofu kama siku zile. Shangazi aliweka kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, karibu na karai akakikalia, mikono mapajani. Niliyapima maji kwa kiwiko mara tatu. Nilisaga liwa, ule mti wa kutuliza ngozi, kwenye jiwe mpaka ikawa kama maziwa, nikampaka mgongoni taratibu, kwa kidole kimoja. Siku ya kwanza na ya pili hapakuwa na mabadiliko, na kile kifurushi cha vishati kilikuwa bado kimefungwa kitandani, nikikiona kila nikiingia. Siku ya tatu Hamadi alilala mchana asijikune. Siku ya tano magamba yakaanza kupukutika, na chini yake ngozi mpya, nyeusi, laini.

Siku hiyo ya tano nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nikimkanda kichwa, nikasema bila ya kuinua macho, "Shangazi, nilimwosha kwa sabuni ya mche. Siku moja. Nilikuwa na haraka ya mdako."

Nikangoja kofi.

"Babako nilimwosha kwa mchanga wa pwani," shangazi akasema. "Na maji ya chumvi. Tazama alivyo, kichwa kigumu mpaka leo." Akacheka mpaka kibao cha mbuzi kikapinduka. Sijui kama ninyi mmewahi kubeba mtungi mzito kwa muda mrefu, kisha mtu akaja nyuma akauinua. Shingo yangu ilikuwa hivyo.

Siku ya saba alimvua Hamadi shati, akapitisha kiganja mgongoni kwake kutoka juu hadi chini, pole pole, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hakupata kitu. Akasema, "Alhamdulillahi." Akaingia ndani akakifungua kile kifurushi, akavirudisha vishati kimoja kimoja mahali pake. Mama alilia kwa sauti. Mimi nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikakaa pale mpaka kuku wakanizoea.

Asubuhi yake shangazi aliondoka. Alikuja kuchukua mtoto, na sikuona uso wake wakati akimuaga, kwa sababu aliugeuzia ukutani. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba na yeye alikuwa akiacha kitu. Lakini hakuondoka mikono mitupu. Alilikunja lile jamvi akajitwika. "Hili nalichukua mie," alisema. "Litaanikia dagaa. Dagaa hawana ngozi ya kuchubuka." Na kwa miaka mingi baadaye dagaa wa Makoongwe walioletwa nyumbani kwetu walinukia karafuu kidogo, na baba alikuwa wa kwanza kuwasifu.

Siku hizi naona wajukuu wanavyoogesha. Mlango umefungwa, maji ya bomba, chupa tano zimejipanga, ya nywele, ya mwili, ya baada ya kuoga, na moja sijui ya nini, nadhani ya kunusa tu. Mtoto akitoka kipele kimoja, mama yake humpiga picha kabla ya kumgeuza. Simlaumu. Dawa zao ni nzuri kuliko zetu, na sisi, kama mlivyoona, tulimkaanga mtoto wetu kwa mapenzi. Ila naukumbuka ule ua. Nayakumbuka yale macho ya watu yaliyotuchungulia, na yale matusi ya watoto wa jirani. Leo nani atamwita mtoto wa mwenzake Ukoko? Na asipoitwa, nani atatazama chini yake?

Hamadi ana mvi sasa. Mwaka jana aliumwa homa, akashindwa kuinuka, nikaenda kumwangalia. Wanawe walikuwa wamemtia mafuta ya dukani kichwani yakamwasha. Niliwaambia waniletee beseni, na maji ya mvua kama yapo, na nazi. Nilikuna nazi mwenyewe. Nikampaka tui, nikamkanda kwa ncha za vidole, nikaweka kiganja cha kushoto kwenye paji la uso wake. Babu mzima akafumba macho kwa nguvu hadi pua ikakunjamana.

Kata ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Beseni likawa tupu.

"Yesha?" akauliza, macho bado ameyafumba.

"Bado," nikamwambia.